Saini ya Jeremy Colbrook

Nyuma ya mkahawa mmoja wa Karama, Dubai, dakika tano kwa miguu kutoka stesheni ya metro, pana benchi la mbao ambalo hakuna anayejua lililetwa na nani. Juu yake vimening'inia viyoyozi vya ghorofa nne, na kila kiyoyozi kina tone lake, kwa hiyo pale watu hawakai wapendapo. Hukaa kwa cheo. Kona ya kushoto, pasipodondoka kitu hata Agosti, ni ya Bwana Abdullatif bin Nassor wa Al Twar, Mzanzibari wa miaka sabini na tisa, ambaye kijiweni anaitwa Rejista. Katikati, penye tone la mara moja moja, ni pa Boaz, msimamizi wa walinzi, mtu wa Kakamega, anayeitwa Arbabu, yaani bwana mkubwa, kwa sababu huzungumza kana kwamba jiji lote linamwomba ruhusa. Kando yake hukaa Thamer, ambaye wazee wake ni wa Unguja lakini yeye amezaliwa hapa hapa Dubai. Methali zote alizonazo alizipata kwa bibi yake kwa njia ya simu, wakati simu za mbali zilikuwa zikikatika katikati ya sentensi, na ndiyo maana anaitwa Methali. Kona ya kulia, chini ya tone lisilopumzika, ni ya mgeni.

Kahawa huja na Rejista. Kila Jumamosi asubuhi binti yake, Jumana, humjazia chupa ya kahawa yenye tangawizi na kumpa sharti moja: chupa ikiisha, baba arudi nyumbani. Tangu apewe sharti hilo mzee amejifunza kumimina kidogo kidogo, mpaka Boaz akasema kahawa ya Rejista hainywewi, inaonyeshwa tu.

Lakini si umri wala kahawa vilivyompa kona kavu. Ni elimu moja ambayo hakuna aliyewahi kumwomba: maisha ya waimbaji wa zamani wa kantri. Wakenya walipofika kijiweni na mapenzi yao ya muziki huo walidhani wamekuja na kitu kipya, wakamkuta mzee wa kanzu amekaa kimya anawangoja. Alijua kwamba Skeeter Davis alizaliwa akiitwa Mary Frances Penick, na Patsy Cline alikuwa Virginia Patterson Hensley. Alijua kwamba Charley Pride alicheza besiboli kabla ya gitaa kumpa riziki, na kwamba Jim Reeves alikufa mwaka 1964 akiiongoza mwenyewe ndege yake ndogo. Alijua pia kwamba Conway Twitty aliandikwa Harold Lloyd Jenkins alipozaliwa, na inasemekana jina la jukwaani alijiokotea kwenye ramani, mji mmoja wa Arkansas na mwingine wa Texas. Hili la mwisho hulisimulia kwa uso wa mtu aliyekuta unywele kwenye wali. Jina la mtu, husema, si kitu cha kuokota. Aliwahi kurudisha kadi ya harusi iliyomwandika Abdul Latif, akauliza ni yupi kati ya hao wawili aliyealikwa.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa mbili asubuhi, alikuja Jeremy. Huyu ni kijana wa Bomet, mlinzi chini ya Boaz, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku, bado na sare yake na viatu vizito. Alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, mkewe Teresiah, aliye nyumbani Kenya, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku ya Alhamisi.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema Thamer, akimshika mkono kwa furaha ya kweli. Hongera sana.

Jeremy, ambaye amezoea, alisema asante.

Habari ya pili ilimkalisha kitako, kando ya Thamer. Ubatizo ulikuwa kesho, Jumapili. Yeye alitaka mtoto apewe jina lake la katikati, ambalo hajawahi kulitaja kijiweni kwa sababu anajua watalicheka. Marehemu baba yake, dereva wa lori la maziwa, alimpa majina mawili ya mwimbaji wa kantri aliyempenda kuliko wote: Jeremy Colbrook. Sasa pasta wa kwao, mtu mgumu, amesikia kwamba Colbrook ni mwimbaji, naye anasema waimbaji hao wengi walikuwa walevi, na yeye hatamwaga maji ya Mungu juu ya jina la mlevi. Anataka neno kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu mwema au hakuwa?

— Nikamwambia Tere usijali, alisema Jeremy. Kuna mzee huku anawajua wote na mama zao. Mzee, si uniambie tu. Nirekodi nimtumie, nikalale.

Wote wakageukia kona kavu.

Bwana Abdullatif alipolisikia jina hilo kiganja chake cha kulia kilimwasha, kama kinavyowasha mahali palipowahi kuchapwa. Alimjua Colbrook mmoja, zamani mno, na hakuwa akiimba. Alikohoa. Akafuta miwani. Kisha akasema neno ambalo benchi lile halikuwahi kulisikia likitoka upande ule.

— Simjui.

Boaz aliomba arudie. Hakurudia.

Basi, pasipo mwenye elimu, elimu ikawa ya wote. Boaz alitoa simu akatafuta, akampata Jeremy Colbrook daktari wa meno na Jeremy Colbrook wakili wa mashamba, wala hakuna aliyeshika gitaa. Mtu mwingine angesema basi hayupo. Boaz aliona huo ndio ushahidi wenyewe. Mwimbaji huyo, alieleza, alikuwa chini ya kampuni ya santuri, na kampuni ndiyo kafili wake, mwajiri mwenye kibali chake cha kuishi. Ikamshikia pasipoti. Alipochoka akatoroka kazini, ikamripoti, na ukiripotiwa unajua mwenyewe: jina linafutwa kwenye kompyuta zote. Thamer hakukubali. Kwa maelezo yake Colbrook alisilimu, akaacha muziki, na sasa anaendesha basi la skuli Sharjah. Rafiki yake mmoja alimsikia akiimba chini chini kwenye kituo cha petroli, akanyamaza alipoona watu. Ndiyo maana wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, basi kivae.

Boaz, kwa kuwa hawezi kushindwa na mtu ambaye yeye anamzidi kiti kimoja cha ukavu, akapanda juu zaidi. Alisema Wamarekani walipotaka kupeleka watu mwezini walihitaji mtu wa kuwaimbia wasisinzie njiani, na mtu huyo hakurudishwa, kwa sababu nafasi ya kurudi ilijaa mawe.

Jeremy alikuwa akisikiliza yote haya akiwa na simu mkononi, kama mtu aliyekwenda hospitali akakuta wafagiaji ndio wanaotibu. Yeye naye alikuwa na yake. Baba yake alisema Colbrook alikuwa dereva wa treni, na aliimba ili asilale.

Kila nadharia ilimuuma Bwana Abdullatif kama kiatu cha mtu mwingine. Aliona makosa ndani yake, saba, nane, alitamani kuyasahihisha, na hakuwa na cha kuyasahihishia.

— Hebu uimbe, Boaz alimwambia Jeremy. Kuna mashine kwa simu inasikia wimbo inakwambia ni wa nani.

Jeremy alijifuta uso, akasogeza simu mdomoni, akaimba ubeti mmoja kwa Kiingereza cha Bomet. Ulikuwa wimbo wa mtu anayerudi kwao kwa miguu, akihesabu nguzo za ua wa jirani moja moja, hataki ziishe kwa sababu hajui ni nani atakayemfungulia mlango. Sauti yake haikuwa nzuri, lakini mahali fulani, pale nguzo zinapokwisha, aliishusha kwa namna ambayo mtu haibuni, ameisikia, akaishika.

Simu ikafikiri. Ikasema haijapata kitu, ijaribiwe tena mahali pasipo kelele.

Mkono wa Bwana Abdullatif ulikuwa umesimama hewani na chupa ya kahawa. Wimbo ule aliujua. Aliwahi kuusikia kwenye mashine sita kwa pamoja, kila moja nyuma kidogo ya mwenzake, mchana kutwa, mpaka akauota.

— Kaseti yenyewe iko wapi? aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo.

Jeremy alisema utepe haupo. Siku ya kumzika baba yake walitaka kuupiga makaburini, redio ikautafuna, ukatoka kama tambi, mama akauzika humo humo. Lililobaki ni kasha. Binamu yake aliyefika juzi kutoka nyumbani alimletea. Alilitoa mfukoni mwa shati, limefungwa kwa leso. Ndani ya plastiki iliyopasuka mlikuwa na karatasi iliyogeuka rangi ya chai, na juu yake, kwa wino wa kijani, yaliandikwa maneno mawili: Jeremy Colbrook. J yake ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kama ndoana, na chini ya jina palikuwa na mistari miwili iliyonyoka.

— Hii ni saini yake mwenyewe, alisema Jeremy. Baba alikuwa hatugusishi. Alisema Mzungu aliketi akatia sahihi moja moja.

Kasha likazunguka benchi kama mtoto mchanga. Thamer alilishika kwa mikono miwili. Lilipofika kwa Boaz, Boaz alilisogeza kwenye mwanga, akalitazama kwa jicho moja, kama anavyotazama kitambulisho cha mtu asiyemwamini getini.

Bwana Abdullatif alikuwa ameshaiona tangu leso ilipofunguliwa. Mtu hausahau mkono wake. Na alijua papo hapo kwamba angeweza kunyamaza. Kunyamaza hakungemgharimu kitu. Kasha lingerudi mfukoni, pasta angepewa habari ya treni, mtoto angebatizwa, na kona kavu ingebaki kona kavu. Alianza hata kumimina kahawa.

— Huyu alikuwa mlevi, alisema Boaz.

Jeremy akamtazama.

— Pole, ndugu yangu, lakini cheki hii J. Mtu timamu anaandika mkia hivi? Mkono unatetemeka. Huyu alikuwa amelewa chakari saa tatu asubuhi. Pasta ako sawa.

— Mkono haukutetemeka, alisema Bwana Abdullatif.

— Mzee, angalia basi.

— Hiyo ni J ya mwandiko wa skuli. Mkia unateremka, unapinda, unarudi bila ya kalamu kunyanyuliwa. Hapana hata mmoja wenu hapa awezaye kuiandika. Aliyeiandika hakuwa amekunywa hata soda.

— Na wewe Ammi umejuaje? aliuliza Thamer.

Hapo ndipo mzee alipogundua kwamba ameshatoka nje na mlango umejifunga nyuma yake. Siku zote alikuwa amejiandaa kufa kwa ajili ya jina la mtu. Hakujua kwamba angeumbuka kwa ajili ya mkia wa herufi.

— Kwa sababu ni mimi, alisema.

Tone likadondoka. Akawaeleza, macho yakiwa kwenye chupa. Mwaka 1983 alikuwa karani kwenye duka la kunakili kaseti huko Deira, la mtu akiitwa Marhun. Kazi yake ilikuwa kuandika majina, kwa kuwa hati yake ilikuwa nzuri na wino wa kijani ulipendwa na wateja. Masanduku yalipakiwa gatini yakaenda Mombasa, na kutoka Mombasa yakapanda bara. Siku moja Mmarekani wa mafuta aliyekuwa anahama aliacha boksi la kaseti zake. Zote zilikuwa na majina isipokuwa moja. Haikuandikwa kitu, na sauti iliyokuwemo ilikuwa bora kuliko boksi zima. Abdullatif aliuliza kila aliyeweza kumuuliza. Marhun akachoka.

— Akanambia, kaseti isiyo na jina ni maiti isiyo na wenyewe, hainunuliwi. Ipe jina kabla ya Alasiri, mzigo unafungwa. Nikatafuta jina la Kizungu lililo kamili, lenye heshima. Kichwani nilikuwa nalo moja tu. Lilitiwa kwa bakora.

Bwana Jeremy Colbrook, alisema, alimfundisha hati Unguja, kabla ya bendera kubadilika. Siku moja Abdullatif alidondosha wino kwenye rejista, juu ya jina la mtoto mwenzake. Mwalimu alimchapa nne za kiganja, kisha akamwambia: jina la mtu ni nyumba yake, nawe umemtia matope mlangoni.

Kisha Thamer alisema pole pole, kama anayejaribu ufunguo:

— Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na Bwana Abdullatif, aliyesahihisha methali za Thamer kwa miaka kumi na moja, alitafuta kosa humo asilipate.

Boaz ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akalisogelea tone lake bila ya kujua. Miaka yote hiyo, alisema, wanaogopa kutaja jina la mwimbaji mbele ya Rejista, kumbe Rejista mwenyewe ana kiwanda. Akaapa kwamba nusu ya Bonde la Ufa imelia kwa ajili ya mwalimu wa hati. Akamuuliza mzee atamwomba Conway Twitty radhi lini, au ni yeye ndiye aliyemkopesha ile ramani. Mzee aliyapokea yote, akiinamisha kichwa kidogo kila moja lilipofika, kama mtu anayehakiki orodha na kuiona sahihi.

Jeremy hakucheka. Alikuwa ameliweka kasha juu ya goti.

— Mzee, alisema. Baba yangu alikufa akimngoja huyo mtu. Alikuwa anasema siku moja atakuja Kericho. Kila redio ikitangaza Mzungu amekuja, anavaa koti.

— Nisamehe, mwanangu.

— Mimi sijui nakusamehe nini. Nikilitoa hilo jina, nabaki na nini? Kila cheti changu kiko nalo.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja mrefu, na begi la nguo begani, akauliza kama dobi wa pale kando anafungua saa ngapi. Boaz alimwambia bado, akamwonyesha kona ya kulia. Alisema anaitwa Rosette, Mganda, na Kiswahili chake si kirefu lakini kinamtosha. Akakaa chini ya tone, akaweka begi juu ya kichwa, akapewa kikombe. Thamer, kwa adabu, akamsimulia yote tangu mwanzo, na kwa kuwa ni Thamer, mwezini napo pakaingia.

Jeremy alikuwa bado anafikiri. Mwishowe akamuuliza mzee kuhusu yule mwalimu, kana kwamba anaulizia barabara.

— Alikuwa anakunywa?

— Chai. Bila ya sukari.

— Alikuwa na wanawake?

— Alikuwa na paka.

— Na alikuchapa.

— Nne. Ya kwanza ilikuwa haki. Hizo tatu mpaka leo nazifikiria.

Jeremy alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mdomo wake ukalegea. Alisema baba yake alilibeba jina hilo kwenye lori miaka ishirini, kwenye tope la Bomet, na mtu akibeba kitu hivyo kinakuwa chake, hata kama alikipata kwa duka. Akabonyeza simu, akaisogeza mdomoni.

— Tere, mwambie pasta huyo Colbrook alikuwa mwalimu. Hakuwa anakunywa. Alikuwa mkali kidogo lakini alipenda majina ya watu. Abatize.

Akaituma. Baada ya muda mfupi simu ikalia; Teresiah amesema pasta amefurahi, ameuliza kama mwalimu huyo alikuwa Mprotestanti. Boaz akapiga paja. Thamer akaomba Mungu. Bwana Abdullatif alihisi mgongo wake umepata tena mahali pa kuegemea. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri kuliko alivyostahili, na yeye ni mtu anayejua kipimo cha anavyostahili. Akamimina, safari hii vikombe vimejaa, kimoja kwa kila mmoja, mpaka chupa ikatoa ile sauti ya kukoroma ya mwisho.

Rosette alikuwa amekunywa chake. Maji yalikuwa yanateremka kwenye begi yakidondoka mbele ya pua yake.

— Nisameheni, alisema. Mimi ni mgeni. Huyu mwalimu alikuwa anafundisha kuandika. Mzee alikuwa anaandika. Sasa yule aliyekuwa anaimba, yeye alikuwa nani?

Boaz alifungua simu, akaitazama, akaifunga. Thamer alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba anatafuta methali, yoyote, hata ya makosa, na kwamba hakuna. Jeremy aligeuza kasha upande wa pili, kana kwamba huenda pameandikwa kitu huko, na huko palikuwa peupe.

Bwana Abdullatif alilitazama jina lake zuri la kijani, na mistari miwili aliyoipiga kwa rula chini yake ili lisimame imara. Kuna mtu alikuwa na sauti ile. Alikuwa na mama aliyemwita kwa jina fulani. Huenda aliimba mara moja tu, chumbani kwa rafiki, mwaka ambao hakuna anayeujua, akaenda zake.

Chupa ilikuwa imekwisha, na sharti la Jumana analijua kila mtu benchini. Mzee hakuinuka.

— Imba tena, mwanangu, alisema. Pole pole.

Jeremy alimtazama, kisha akaanza, tangu nguzo ya kwanza. Mzee alitia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa kalamu, kwa mazoea tu, na karatasi ya risiti ya mkahawa. Akafungua kifuniko cha kalamu, akaiegemeza ncha kwenye karatasi, akangoja. Nguzo zikapita moja moja. Jeremy alipofika pale zinapokwisha, aliishusha sauti kama alivyoishusha yule wa kwenye kaseti.

Wimbo ukaisha. Pale ncha ilipokuwa imeegemea palikuwa na doa la kijani, wala hapana jina. Bwana Abdullatif aliifunga kalamu, akairudisha mfukoni, akainuka kutoka kona kavu, akamwambia Rosette akae pale.